Maswali Manne Tuliyoyauliza Makaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai, sabuni na vikombe vya kauri vyenye vifuniko, kila kimoja kidogo kama cha kahawa, nikaambiwa nivioshe hadi visibaki na alama hata moja. Ilikuwa maabara ya makaa, katika kituo cha utafiti wa misitu nje kidogo ya mji wa Kitui. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha pili tu. Nilidhani nimeajiriwa kuwa mfagiaji, na kwa miezi michache ya mwanzo hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Afisa wa Maabara alikuwa mwanamke mwembamba ambaye sote tulimwita Madam. Alikuja akainua kikombe kimoja dirishani.

"Mumbua, hiki umekiosha?"

"Ndiyo, Madam."

"Umekiosha kama cha chai. Mimi nataka kioshwe kama cha hospitali. Chembe moja ya jivu ikibaki humu, nitaandika uongo, na mchomaji wa huko Mutomo atachoma mti wake kwa uongo wangu."

Kisha akanipeleka katika chumba cha tanuri dogo la umeme, akagonga fremu ya dirisha kwa kidole. "Hili halifungwi. Hata mvua inyeshe, hata ukisikia baridi. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha yanatoa hewa ya sumu. Huioni, wala hainuki."

Nikasema ndiyo, Madam. Ninaliandika jambo hilo mapema kwa makusudi. Niliambiwa siku ya kwanza. Asije mtu akasoma mbele akadhani sikuambiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wachomaji, vikundi vya wakulima na maafisa wa misitu walituletea makaa ya miti mbalimbali: mgunga, mkau, matawi ya miembe yaliyokatwa, hata magunzi ya mahindi. Tuliyasaga, tukayapima kwenye mizani inayoweza kuhisi uzito wa unywele, kisha tukayauliza maswali manne. La kwanza, yana maji kiasi gani? Tuliyakausha kwa joto linalozidi kidogo lile la maji yanayochemka, tukapima yaliyopungua. La pili, yana moshi kiasi gani? Hapo tuliyafunika ndani ya kikombe cha kauri na kuyaingiza katika tanuri lenye joto la nyuzi mia tisa kwa dakika saba. Kila kinachoweza kugeuka mvuke, lami au hewa hutoka. La tatu, yana jivu kiasi gani? Tuliyachoma bila kifuniko kwa saa nyingi hadi yakabaki majivu meupe. Swali la nne halikuhitaji moto. Ulitoa maji, moshi na jivu kutoka kwenye uzito wote, na kilichobaki ndicho kaboni yenyewe, mwili wa makaa.

Majibu hayo manne yaliandikwa kwenye kadi ya manjano yenye safu nne. Nilipofundishwa kuijaza kadi ile kwa mkono wangu, nilihisi kama nimepewa cheo.

Madam hakupenda mtu afanye kazi bila kujua anashika nini. Siku moja alinifanya nitazame kipande cha makaa ya mgunga kwa darubini. Nilitegemea kuona kitu cheusi kama lami iliyoganda. Niliona matundu, mamia ya matundu yaliyopangwa vizuri, makubwa na madogo.

"Hayo ndiyo mabomba yaliyopandisha maji kutoka mizizini," akaniambia. "Mti umeungua lakini mabomba yamebaki mahali pake."

Alinieleza kwamba mti umejengwa kwa vitu viwili vikubwa. Kuna selulosi, ambayo ni nyuzi, na lignini, ambayo ni gundi inayozishikanisha nyuzi hizo. Joto likipanda bila hewa kuingia, maji hutoka kwanza, kisha nyuzi huvunjika, na gundi huvumilia hadi mwisho. Hidrojeni na oksijeni huondoka na moshi. Kaboni hubaki, nayo haikai peke yake. Hushikana sita sita kwa duara, na duara hushikana na duara.

"Wewe kwenu mnafuga nyuki?" akauliza.

"Baba alikuwa na mizinga, Madam."

"Basi unajua sega. Kaboni ya makaa ni sega. Lakini siyo sega zuri la kupeleka sokoni. Ni vipande vidogo vidogo vya sega vilivyokunjamana, vimetupwa ndani ya ndoo ovyo ovyo. Kwenye risasi ya penseli masega yamelala moja juu ya jingine kama kurasa za kitabu. Kwenye makaa yamevurugika, na katikati kuna nafasi nyingi. Hewa inaingia humo kwa urahisi. Ndiyo maana yanashika moto haraka."

Kisha akachukua betri mbili za tochi, waya na balbu. Makaa yaliyochomwa kwa joto dogo hayakuiwasha. Kipande kilichotoka kwenye tanuri letu kiliiwasha, kwa sababu joto kali lilikuwa limeyaunganisha masega hadi umeme ukapata njia. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini niliomba anionyeshe mara tatu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mutomo, kusini kabisa kwa ukame, kuwasaidia wachomaji wajifunze kutumia matanuri ya matofali badala ya kufukia magogo chini ya udongo. Mkubwa wangu huko alikuwa Fundi wa Tanuri, Mzee Kilonzo, ambaye hakuwahi kuingia maabara na hakuwa na hamu. Yeye alisoma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, alisema, mti unatoa jasho. Ukiwa wa manjano na unawasha macho, nyuzi zinavunjika. Ukiwa mwembamba wa rangi ya bluu, unaziba matundu yote kwa udongo na unaenda zako. Ukichelewa hapo utakuta jivu.

Makaa yakipoa alichukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio. Kuyauliza, ndivyo alivyokuita.

"Yaulize kwanza, Mumbua. Usijaze kadi yako kabla hujayauliza."

Makaa yaliyoiva vizuri yalilia kama kijiko kinachogonga sufuria. Yaliyochomwa nusu yalitoa sauti ya kuni. Niliyapeleka yote Kitui kupimwa, na kila mara kadi ilikubaliana na sikio la mzee. Yanayolia yalikuwa na kaboni nyingi na moshi kidogo sana.

"Sasa hiyo mashine yenu ya Kitui ni ya kazi gani?" alinitania. "Si wangenipeleka mimi nikae juu ya meza?"

Kutokana na hayo tulitunga somo letu. Mimi nililisema mbele ya vikundi vingi, nikiwa nimeshika vipande viwili mkononi: "Makaa yanayolia ni makaa safi. Hayana moshi." Watu walinipenda kwa somo hilo kwa kuwa lilikuwa fupi. Nililisema miaka saba.

Kisha nikapelekwa Makueni, ofisi ndogo ya Tawa, na nilifurahi kwa kuwa nyumbani kwetu ni Mbooni, juu ya vilima. Baba alikuwa ameshafariki. Mama, ambaye sisi tulimwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, aliishi na kaka yangu Mutinda. Mwaitu alikuwa amepika kwa mawe matatu maisha yake yote, na kifua chake kilikuwa kimechoka. Daktari wa zahanati alimwambia jambo moja tu: aepuke moshi.

Nani mwingine angeshughulikia hilo kama siyo mimi? Nilinunua jiko la udongo. Nikachagua makaa ya mgunga, kipande kwa kipande, nikiyagonganisha sikioni, nikajaza gunia na kulifunga kadi yake ya vipimo. Kipande ambacho hakikulia nilikitupa. Nilimpelekea pia jirani yake, Mama Syombua, nusu gunia, kwa sababu walikuwa wakipikiana. Niliwasha jiko mbele yao.

"Mwanangu, makaa gani haya yasiyomtoa mtu machozi?" Mwaitu akauliza.

"Ni masafi, Mwaitu. Haya hayana moshi. Unaweza hata kupikia ndani."

"Sasa majirani watajuaje kama nimepika? Walikuwa wanaona moshi."

"Wataniona mimi nikija na sahani," akasema Mama Syombua, na wakacheka.

Kikohozi kilipungua. Kwa miezi mitatu nilimwona Mwaitu akipanda njia ya kanisani bila kusimama. Nawaambia ukweli, sijawahi kuona fahari kama ile. Nilidhani elimu yangu ndogo imelipa.

Mwezi wa saba Mbooni huwa na baridi ya ukungu ambayo watu wa Mutomo hawaijui. Alasiri moja ya manyunyu Mwaitu aliingiza jiko katika chumba alichokuwa akisukia viondo, vikapu vyake vya mkonge, akafunga mlango, akaketi na kazi yake. Mama Syombua alipokwenda kumwita anywe chai alimkuta ameegemea ukuta, kiondo mapajani, nyuzi za mkonge bado zimezungushwa kidoleni.

Nilifika kwa bodaboda kabla giza halijaingia. Watu walisema amekufa kwa amani. Walionyeshana midomo yake, jinsi ilivyokuwa na wekundu kama ya mtu aliyepona. Mimi nilitazama jiko. Jivu lilikuwa jeupe na laini, la makaa mazuri. Nikatazama dirisha. Lilikuwa dogo, halina kioo, na alikuwa amelizibia gunia ili upepo usiingie. Lilikuwa gunia langu. Kadi ya manjano ilikuwa bado imefungwa kwenye mdomo wa gunia kwa uzi, na juu yake safu nne kwa mwandiko wangu. Moshi: kidogo sana.

Wakati ule maneno ya Madam yalinirudia yote, kama mtu ameyasema nyuma ya sikio langu. Kaboni inapopata hewa ya kutosha, kila chembe hushika chembe mbili za oksijeni, na hewa inayotoka ni ileile tunayoitoa puani. Hewa ikiwa haba, kila chembe hushika moja tu. Hiyo ndiyo kaboni monoksidi. Huingia kwenye damu ikakaa mahali pa oksijeni na kukataa kutoka, na damu hubaki nyekundu hata mtu akiwa amekufa. Haina uhusiano na moshi. Makaa safi kabisa, yenye kaboni nyingi kuliko yote, ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kuitengeneza. Nilikuwa nimeacha dirisha la Kitui wazi kwa miaka yote ile bila kukosea hata siku moja. Nilidhani sumu ni ya tanuri la umeme. Nilidhani ni jambo la maabara, kama vikombe vya kauri, vitu ambavyo mtu haendi navyo nyumbani.

Nilimweleza Mutinda nyuma ya zizi.

"Daktari amesema ni moyo," akasema. "Wacha iwe moyo."

"Daktari hakuona gunia dirishani."

"Mumbua, skiza. Ukisema hivyo hapa Mbooni, utaitwa nani? Watasema umemuua mama. Na mimi niliyekuwa naishi naye nitaitwa nani?"

Ningependa kuandika kwamba nilisema siku hiyohiyo, lakini sikusema. Nilinyamaza siku mbili nzima, nikiwapa watu mkono na kuitikia walipoimba.

Siku ya tatu ya matanga, asubuhi, ukungu ulikuwa umeshuka hadi uani. Akina mama wa kanisa walijaa sebuleni, wengine wamebeba watoto mgongoni. Mama Syombua aliingia na jiko lililowaka vizuri, jekundu, akaliweka katikati.

"Jipasheni moto, akina mama. Ni yale ya Mumbua, hayana moshi."

Mtu aliyekuwa karibu na mlango akaufunga.

Nilisimama. Nilipita juu ya miguu ya watu, nikaufungua mlango hadi mwisho, nikaweka jiwe usirudi.

"Mumbua! Na baridi hii?"

"Toeni jiko nje."

"Kwani linafanya nini?" Mama Syombua akauliza. "Hata moshi halina. Si ni wewe ulituambia?"

"Ndiyo, ni mimi niliwaambia. Nilisema hayana moshi, na ni kweli. Sikusema yana sumu, na nilijua. Mwaitu alifunga mlango kwa sababu niliwaambia anaweza kupikia ndani. Hakufa kwa moyo. Amekufa kwa makaa yangu."

Mama mmoja mzee, mkuu wa akina mama wa kanisa, alinigeukia.

"Unasema ni wewe?"

"Nasema ni mimi."

Mutinda alikuwa amesimama uani. Aligeuza uso. Mama Syombua alikuwa bado ameshika kishikio cha jiko kwa pembe ya leso. Aliongea polepole, kama anayehesabu.

"Jana mjukuu wangu ameamka na kichwa kinamuuma, akatapika. Tunalala na jiko tukishapika, kwa ajili ya baridi. Nikasema ni maharagwe."

Akaliinua jiko akalitoa nje mwenyewe, akamwaga maji juu yake. Kisha akaondoka mbio kuelekea kwake, leso ikianguka njiani. Mtoto alikuwa mzima. Ni mtu mkubwa leo, na nikimwona akipita barabarani huwa nasimama nilipo hadi apite.

Baada ya mazishi nilikwenda Kitui kumwona Mkuu wa Kituo, mtu wa taratibu, aliyevaa tai hata siku za jua kali. Niliweka kadi mbili mezani: moja mpya, na ile ya gunia.

"Naomba tuongeze safu ya tano."

"Mumbua, pole sana kwa msiba. Lakini kadi hii imepitishwa na makao makuu. Siwezi kuibadilisha kwa sababu ya msiba wako."

"Bwana Mkuu, siyo kwa sababu ya msiba wangu. Msiba wangu umeshazikwa. Ni kwa sababu ya kilichomo kwenye makaa. Tunauliza maswali manne ya kuuzia. Hakuna hata moja linalouliza yatamfanya nini mtu aliyefunga mlango."

Aliishika ile kadi ya gunia, akaisoma, akaigeuza. Nyuma yake hapakuwa na maandishi yoyote.

"Safu siwezi," akasema baadaye. "Lakini nyuma ya kadi hakuna sheria."

Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu, kila kadi iliyopita mikononi mwangu niliiandika nyuma kwa kalamu: Hayana moshi lakini yana sumu. Pikia mlango wazi, usilale na jiko. Vijana walionifuata walitengeneza muhuri wenye maneno hayo, maana mkono wao ulichoka haraka kuliko wangu.

Pia niliomba ruhusa ya wiki mbili, nikarudi Mutomo. Nilizunguka kwenye vikundi vyote nilivyovifundisha, kimoja kimoja, nikasema nilichokosa kusema. Wengine walinishukuru. Mzee Kilonzo alikasirika.

"Sasa unataka niwaambie watu makaa yangu ni sumu? Nani atanunua?" Akachukua vipande viwili, akavigonganisha mbele ya uso wangu. "Sikia. Yanalia. Makaa hayadanganyi."

"Hayakudanganya, Mzee. Yalijibu tulichouliza."

Akavitupa vile vipande chini. Lakini nilipokuwa napanda gari kuondoka nilimsikia akimwambia mwanamke mmoja mnunuzi, kwa ukali kana kwamba mwanamke ndiye aliyekosa: "Na ufungue mlango, umesikia?"

Sasa nimestaafu. Ninaishi Mbooni, katika nyumba ileile. Mutinda na mimi tulikaa miaka mingi tukisalimiana tu. Siku moja alikuja na nyundo na tindo, akakata ukuta wa kile chumba cha viondo akaweka dirisha kubwa upande wa pili, linaloelekeana na lile dogo, akaenda zake. Tangu hapo tunakunywa chai pamoja.

Wanaosoma kemia siku hizi wana mashine ambazo sisi hatukuziota. Wanaweza kuona yale masega yaliyokunjamana, na kuhesabu nafasi zilizo katikati. Nafurahi kusikia hayo, na bado napenda makaa. Nikishika kipande chepesi cha mgunga huwa nafikiria mabomba yaliyobaki mahali pake baada ya moto wote ule. Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani, namwambia niliyapima makaa, na kwa muda mrefu niliyapima vibaya, ingawa kila tarakimu ilikuwa sahihi.

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Tawa. Msichana anayeuza makaa aligonganisha vipande viwili karibu na sikio langu.

"Skiza hii, mama. Inalia kama kengele. Haina moshi hata kidogo."

Nikamwambia mengine aliyopaswa kusema. Aliangalia huku na huku.

"Mama, taratibu basi. Utanifukuzia wateja."

Sijui kama huwaambia wanunuzi hayo nisipokuwepo. Nilinunua debe moja, nikapanda nalo nyumbani. Mvua ilianza nilipokuwa nachambua mboga uani, kando ya jiko lililowaka. Mama Syombua, mzee sana sasa, akaniita kutoka barazani kwake kama anavyofanya kila mara, "Mumbua, ingia ndani, utalowa!" Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mara, kwamba chakula kinakaribia kuiva. Nikafungua mwavuli juu ya jiko, nikaendelea kupika.